Neno Moja na Maana Nne

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu swali ambalo kwa dhahiri ni dogo: neno la Kiingereza "interest" maana yake ni nini? Jawabu ya upesi ni kuwa maana yake ni nyingi, na mwenye kutaka kuijua iliyokusudiwa sharti atazame neno limekaa wapi. Lakini twaona chini ya swali hili pana jambo kubwa zaidi, nalo ni hili: je, kitendo hubadilika hukumu yake kwa kubadilishwa jina?

Na tuanze na maana zenyewe. Mwingereza akisema ana interest na tarehe au na mpira, amekusudia hamu. Moyo wake umelielekea jambo hilo. Akisema jambo fulani ni kwa interest ya raia, amekusudia maslahi. Wanasheria nao wana yao: kwao ni haki aliyo nayo mtu katika mali, japo si mwenye mali yote. Watu wa mwambao wetu walijua jambo hili kuliko wanavyolijua neno, kwani sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyotungwa kwa ajili ya pwani, iliweka vyeti vya namna tatu: cha umiliki, cha rehani, na cha interest. Cheti hiki cha tatu hakina harufu ya riba hata kidogo. Ni cha mwenye haki fulani katika ardhi pasi na kuimiliki. Maana ya nne ndiyo ile ya benki, yaani nyongeza anayoitoa mkopaji juu ya alichokopa. Hiyo Kiswahili chaiita riba, na neno hilo tumelitwaa kutoka Kiarabu pamoja na uzito wake wote.

Hamu, maslahi, haki, riba. Sisi tuna maneno manne, wao wana moja. Hatusemi kuwa Kiingereza ni lugha maskini. Kila lugha ina maneno ya namna hii, na sisi wenyewe twasema "kaa" tukikusudia kuketi, na kaa la moto, na kaa wa pwani, wala hapana aliyewahi kuungua kwa kukosea maana. Hatari huja pale maana moja inapokuwa na aibu na nyengine zikawa na heshima, kisha ile yenye aibu ikapata kujificha kwa jirani zake.

Asili ya neno hili yaonyesha jambo hilo waziwazi. Limetoka katika Kilatini, na maana yake ya kwanza ni "kuwa baina". Wakristo wa Ulaya hapo kale walikataza riba kama tunavyoikataza sisi. Baraza la kanisa lililokutana Lateran mwaka 1179 liliamua kuwa mla riba wa dhahiri asizikwe kwa mazishi ya Kikristo. Walakini wanasheria wao walimruhusu mkopeshaji aliyecheleweshewa mali yake adai hasara iliyompata, yaani tafauti iliyo baina ya hali yake ya sasa na vile ambavyo angalikuwa lau angalilipwa kwa wakati. Fidia hiyo ndiyo iliyoitwa interest, makusudi ipate kutengwa na riba. Kisha mlango ukapanuliwa kidogo kidogo, hata fidia ya kuchelewa ikawa yahesabiwa tangu siku ya kwanza, pasi na kuchelewa wala hasara. Mwaka 1545, katika zama za Mfalme Henry wa Nane, Uingereza iliruhusu nyongeza isiyozidi 10 kwa mia. Sheria ikafutwa 1552, ikarejeshwa 1571, na mwaka 1854 mipaka yote ikaondolewa. Lile neno lao la zamani la riba, "usury", likabakishiwa yule anayezidisha mno. Kitendo kilibaki pale pale. Lililohama ni jina.

Na hata jina hilo jipya lilikuwa na doa wakati wa Shakespeare. Katika mchezo ambao Julius Nyerere aliufasiri mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, miongoni mwa yanayomchukiza Shylock kwa Antonio ni kuwa pato lake, analoliona ni la halali, mwenzake huliita interest. Leo neno lilo hilo labandikwa madirishani mwa mabenki kama pambo.

Hapana haja ya kuwacheka. Sisi tulio na neno riba, twafanyaje? Mtu wa mji wetu hukopa benki, na akiulizwa husema, "Ina interest kidogo." Hasemi, "Ina riba kidogo." Mbona ulimi wake wahama lugha penye neno hilo moja tu? Twaona ni kwa kuwa ulimi wajua unakimbia nini. Mkopo wa simu wa M-Shwari ulipoanza mwaka 2012 ulitoza 7.5 kwa mia kwa siku 30, na jina la nyongeza hiyo halikuwa riba wala interest, bali ada ya uwezeshaji. Aliyekopa shilingi 1,000 alirejesha 1,075. Shilingi 75 zile hazikujua zimeitwaje.

Wako wasemao kuwa nyongeza ya mabenki ya leo siyo riba iliyoharamishwa, kwamba ile ilikuwa ya kumnyonya fukara maradufu juu ya maradufu. Hoja hiyo ina wenyewe, na miongoni mwao wamo watu wa elimu; hatuwazuii kusema. Twataka kitu kimoja, kwamba waijenge hoja yao juu ya neno riba, mbele ya watu, na huku wameikabili aya ya 275 ya Suratul Baqara, ambayo yawataja waliodai kuwa biashara na riba ni mamoja. Atakayeshinda hivyo ameshinda kwa hoja. Ama kumshinda msikilizaji kwa neno asilolifahamu, huko si kushinda.

Na insafu yatutaka tujipime sisi pia. Mabenki ya Kiislamu yalifunguliwa Kenya mwaka 2008, nasi twafurahi kwa hilo. Lakini "murabaha" nalo ni jina. Mafakihi wameweka kanuni kwamba katika mikataba huzingatiwa makusudio na maana, si matamko. Na sharti la murabaha ni benki inunue kitu kwanza, kiwe mali yake na katika dhamana yake, kisha ndipo ikuuzie kwa faida iliyotajwa. Basi mwenye kwenda kununua gari kwa njia hiyo asitosheke na jina la Kiarabu lililoandikwa juu ya karatasi. Amuulize karani: tangu mlipoinunua gari hii hata mtakaponiuzia mimi, ikiungua bandarini hasara ni ya nani? Na jawabu aitake kwa maandishi.