Muhula wa Moshi: Ni Nani Mwenye Haki ya Kuutoa?

Usiku mmoja baada ya Isha, darasa ilipokuwa imekwisha na watu wangojea kahawa, mmoja katika wenzetu alileta suali ambalo halikuwamo kitabuni. Nduguye hufanya kazi katika kiwanda kimoja hapa pwani. Kiwanda hicho kimeambiwa na wasimamizi wa sheria kwamba moshi wake umepita kiasi kilichoruhusiwa, na kwamba hapana budi kitie mtambo wa kuusafisha. Wenyewe wameomba waongezewe muda wa mwaka mmoja. Mwaka uliotangulia waliomba vivyo hivyo, wakapewa. Mama yao, nyumba yake i upande upelekwao moshi wakati wa kusi, na kifua chake hakimpi raha. "Mshahara wa ndugu yangu," alisema, "ndio unaomnunulia mama dawa. Je, kuwapa muda watu hawa ni rehema au ni dhulma?"

Mzee mmoja alijibu upesi kuwa ni rehema, akataja aya ya 280 katika Suratul Baqara, ambayo yatuamuru tumngoje mdaiwa mwenye dhiki mpaka apate wasaa, na kwamba kumsamehe ni kheri zaidi. Kijana mmoja akajibu upesi kama yeye kuwa ni dhulma, kwa sababu madhara hayana muhula. Kahawa ikaja, na maneno yakaishia hapo. Mimi nilikwenda zangu nyumbani nikiona kwamba wote wawili wamesema jambo la kweli, na kwamba hapana hata mmoja aliyemjibu muulizaji.

Tuanze na kauli ya mzee, kwani ina nguvu na watu wengi huipita mbio. Mtambo wa kusafisha moshi si ufagio wa kununuliwa dukani. Kama kilichomo katika moshi ni vumbi, yatakiwa mifuko mikubwa ya kitambaa ya kulichuja, au mtambo wa umeme wa kulinasa. Kama ni gesi ya kiberiti, yatakiwa mnara ambamo moshi hupitishwa katika maji yaliyochanganywa na chokaa ili gesi ile ishikwe. Vitu hivi huagizwa ng'ambo, hungojea meli, hutaka fundi ajuaye, na aghlabu hutaka kiwanda kisimame kwa siku kadha wakati wa kuviunga. Mwenye kudai kwamba yote hayo yawe katika wiki moja, ama hajui kazi, ama ataka kiwanda kifungwe na huona haya kusema. Na kiwanda kikifungwa, wa kwanza kulala na njaa si mwenye kiwanda.

Walakini tuitazame ile aya tena, tujiulize yasema na nani. Yasema na mdai. Yule mwenye haki yake mkononi ndiye aliyeambiwa angoje, na ndiye aliyetajiwa kheri ya kusamehe. Haikumwambia mpita njia amsamehe Fulani deni analowiwa na Fulani mwengine. Lau mimi ningekutana na mdaiwa wako sokoni nikamwambia, "Nimekupa mwaka mzima, nenda kwa amani," ungenicheka; na ungekuwa na haki kukasirika baada ya kucheka.

Basi katika jambo la moshi mdai ni nani? Si Serikali. Serikali haina mapafu. Mdai ni yule mama aliyekaa upande wa pepo, na watoto wa chuoni wanaosoma madirisha yakiwa wazi, na mgonjwa wa pumu ambaye hatujui jina lake. Serikali kwao ni kama walii wa yatima: imewekwa iwalindie haki yao kwa kuwa wao ni wengi na wametawanyika, na hawawezi kila mmoja kwenda kugombana na mwenye kiwanda. Na twajua sote, kwani ni jambo la kusomeshwa katika madrasa zetu, kwamba walii hana ruhusa kumpa mtu zawadi kutoka mali ya yatima. Aweza kuuza, aweza kungoja, aweza kufanya suluhu, maadam katika hayo mna maslaha ya yatima mwenyewe. Akitoa kwa ajili ya kumfurahisha jamaa yake, au kwa kuwa aona uzito kugombana na tajiri, amekhini.

Hapa ndipo penye jawabu la mwanzo. Muhula wa moshi waweza kuwa halali, lakini hauwi halali kwa sababu mwenye kiwanda ana dhiki peke yake. Huwa halali ikiwa kungoja ni bora kwa hao hao wanaouvuta moshi kuliko kutokungoja. Mfano ni mji ambao umeme wake watoka katika mtambo mmoja wenye moshi. Ukizimwa leo, hospitali itakaa gizani na pampu za maji zitasimama. Kuuvumilia mpaka kichujio kifike ni maslaha ya wagonjwa hao hao. Hilo ni jambo moja. Kuongeza muda kwa kuwa mwenye mtambo alizitumia fedha za kichujio katika kupanua ghala, ni jambo jengine kabisa, hata kama karatasi zote mbili zimepigwa muhuri mmoja. Mtume (s.a.w.) alikwisha kulihukumu la pili aliposema kwamba mwenye uwezo akichelewesha haki ya watu, kuchelewesha kwake ni dhulma.

Tena kuna tafauti baina ya deni la fedha na deni la moshi ambayo mzee wetu hakuitaja, nami naiona ni kubwa kuliko zote. Fedha ikicheleweshwa mwaka, haipungui. Nikikuwia shilingi elfu leo, mwakani ni elfu ile ile, na siku nitakayokulipa haki yako itakuwa imerudi nzima. Moshi hauko hivyo. Kila siku ya kungoja ni deni jipya, na deni hilo halilipiki. Mtoto wa miaka miwili aliyevuta vumbi la kiwanda mwaka mzima hawezi kurudishiwa mwaka huo mapafu yakiwa bado yakua. Kichujio kitakapotiwa kitamfaa atakayezaliwa baadaye. Kwa hivyo mwenye kutoa muhula wa deni la fedha atoa subira yake. Mwenye kutoa muhula wa moshi atoa kitu katika mwili wa mtu mwengine. Sisemi kwamba kwa hayo muhula hauwezi kutolewa kamwe. Nasema autoaye na ajue atoa nini.

Watu hudhani kwamba mambo haya ni mageni, na kwamba wanavyuoni wetu wa kale hawakuyajua kwa kuwa hawakuona viwanda. Lakini waliona matanuri, na mahamamu, na wahunzi. Na hapa pwani kwetu nyumba zetu za mawe zilijengwa kwa chokaa iliyochomwa kwa matumbawe na magogo, na mwenye kukaa karibu na tanuu siku ya kuwashwa alijua moshi ni nini. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho darasa nyingi za pwani zimekisoma, mna kauli ambayo kwa mara ya kwanza yaonekana kumpa mwenye mali uhuru mkubwa: aweza kuifanya nyumba yake iliyozungukwa na nyumba za watu kuwa hamamu au zizi, na duka lake lililo baina ya wauza nguo kuwa duka la mhunzi. Wako wapendao kusimama hapo. Lakini Imamu hakusimama hapo. Alifunga ruhusa hiyo kwa sharti kwamba mwenyewe achukue hadhari na azitengeneze kuta zake zikazane. Angalieni mpango wake: hadhari yatangulia, ndipo moto uwashwe. Hakusema awashe moto kwanza, kisha apewe miaka mitatu ya kufikiria kuta.

Na katika Majalla, yaani mkusanyo wa sheria ulioandikwa katika Dola ya Uthmaniya baina ya 1869 na 1876 kwa madhehebu ya Hanafi, moshi wa tanuri unaomzuia jirani kukaa nyumbani mwake umetajwa waziwazi kuwa ni madhara makubwa ya kuondolewa. Mna pia kanuni mbili zinazofuatana mwanzoni mwake. Moja yasema kwamba jambo la tangu kale huachwa katika hali yake. Ya pili yaja mara moja kuiwekea mpaka: madhara hayahesabiwi kuwa ya kale. Maana yake ni kwamba hakuna mtu awezaye kusema, "Nimekuwa nikiwadhuru miaka ishirini, basi imekuwa haki yangu."

Nimeitaja kanuni hii ya pili kwa makusudi, kwa sababu muhula ukifuatana na muhula, ndivyo madhara yanavyojaribu kuwa ya kale. Mfano mkubwa wa zama zetu uko ng'ambo ya bahari yetu, India, nchi ambayo sehemu iliyo kubwa ya umeme wake hutoka katika makaa ya mawe. Mwezi wa Desemba 2015 Serikali ya huko ilitangaza viwango vipya vya moshi wa mitambo ya umeme, vya vumbi, vya gesi ya kiberiti na vyenginevyo, ikawapa wenye mitambo miaka miwili. Miaka miwili ilipokwisha, muda ukasogezwa hadi 2022. Mwaka 2021 mitambo ikagawanywa mafungu matatu kwa kadiri ilivyo karibu na miji mikubwa au mahali palipochafuka, na kila fungu likapewa muda wake. Ikawekwa na faini ya kila kipimo cha umeme kwa atakayechelewa. Mwaka 2022 muda wa gesi ya kiberiti ukasogezwa tena. Mwisho wa 2024 ukasogezwa tena. Kisha Julai 2025 fungu lililo kubwa kabisa likaondolewa wajibu wa kutia mtambo wa gesi hiyo.

Wenye kutetea uamuzi huo wana hoja, na insafu yataka tuitaje. Wasema kwamba makaa ya India yana kiberiti kidogo, kwamba mtambo wa kukisafisha ni ghali na wenyewe hula umeme, na kwamba hewa ya miji haikuonekana kubadilika sana kwa sababu ya gesi hiyo. Wataalamu wengine wawapinga, wakisema gesi hiyo hugeuka vumbi jembamba ikiwa angani na husafiri mbali. Mimi si mtaalamu wa kuhukumu baina yao. Walakini, kama hoja hiyo ni ya kweli, ilikuwa ya kweli mwaka 2015 pia. Yalikuwa yatolewe siku ile, mchana, mbele ya watu. Kuwaambia watu miaka kumi kwamba mtambo waja, kisha kuwaambia kwamba haukuwa na haja, ni jambo ambalo hata mwenye duka hafanyi kwa mteja wake. Na wale wachache walioamini amri, wakatoa fedha, wakatengeneza mapema? Wao ndio waliopata khasara. Kila muhula mpya ni faini juu ya mtiifu.

Wala tusione kuwa hayo ni ya mbali. Hapa Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kwa ajili ya madini ya risasi kilifanya kazi tangu 2007 mpaka kilipofungwa 2014. Risasi haina kiasi kijulikanacho kuwa ni salama, na mtoto ndiye adhurikaye zaidi, akilini mwake. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, aliona mtoto wake mwenyewe akiwa na sumu hiyo mwilini, akasimama na wenyeji. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwahukumia wenyeji fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Na hukumu ile haikumtwika mwenye kiwanda peke yake. Iliwatwika pia wale waliopewa na sheria kazi ya kusimamia. Walii aliulizwa mali ya yatima imekwenda wapi.

Tulipokutana tena nilimwambia yule mwenzetu niliyoyafikiri. Nilimwambia kwamba kama mtambo umekwisha kuagizwa na karatasi zake zaonekana, kama muda ni mmoja na mwisho wake wajulikana, kama moshi wapunguzwa tangu leo kwa kadiri iwezekanavyo, na kama wanaouvuta wameulizwa na dawa zao zimelipwa na mwenye kiwanda wala si na mshahara wa nduguye, basi muhula huo nauona una sura ya rehema. Kama hayo hayapo, na huu ni mwaka wa pili, naona jina lake ni jengine. Nikamwambia pia kwamba Katiba ya 2010, ibara ya 42, imempa mama yake haki ya mazingira safi, na ibara ya 70 yamruhusu kwenda mahakamani bila ya kungoja kwanza athibitishe kuwa amekwisha kudhurika.

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Na ndugu yangu je? Yeye ni upande gani?"

Nikamwambia nduguye ni mdai wa kwanza, kwani yeye huuvuta moshi ule kabla haujatoka nje ya ukuta. Hilo hakuwa amelifikiri, na kwa kusema kweli, hata mimi sikuwa nimelifikiri mpaka aliponiuliza. Usiku ule ule tuliandika barua kwa wasimamizi, juu ya meza ya darasa, tukiwataka wasikize majirani na wafanyakazi kabla ya kutia sahihi muda wa pili. Mama yake ndiye wa kwanza kuweka jina lake. Nduguye ameomba apewe siku mbili za kufikiri.