Tumshukuru na aliyeosha masufuria

Ukihudhuria msiba hapa Dar es Salaam, au popote Tanzania, utasikia neno la shukrani kabla watu hawajatawanyika. Msemaji wa familia anashika karatasi. Anawashukuru madaktari na wauguzi, ofisi aliyofanyia kazi marehemu, viongozi wa dini, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kamati ya mazishi na wageni waliotoka mbali. Kisha anamalizia kwa maneno tuliyoyazoea: si rahisi kumtaja kila mmoja. Tunaitikia kwa vichwa, tunaomba dua ya mwisho, maturubai yanaanza kushushwa.

Muda huohuo, nyuma ya nyumba, kuna watu wameinamia masufuria. Wapo tangu usiku wa kwanza. Ndio walioleta mkaa na kuazima sahani kwa majirani. Kuna kijana aliyepanga viti vya plastiki na atakayevihesabu ili virudi vyote kwa mwenyewe. Kuna binti aliyesimama na birika na beseni, akiwanawisha mikono watu asiowajua, mmoja baada ya mwingine, hadi maji yakaisha akaenda kuchota mengine.

Katika msiba mmoja wa mtaani kwetu nilimwona mama akisugua sufuria la wali lililoshika ukoko. Alitumia mchanga na kipande cha gunia, masizi yamempanda hadi viwikoni. Hakuwa ndugu wa marehemu. Alikuwa mpangaji aliyehamia karibuni, na wenyeji wengi hata jina lake hawakuwa wakilijua. Alipomaliza aliligeuza sufuria juani likauke, akajifuta kwa khanga yake, akawaaga watoto waliokuwa wakicheza pale, akaenda zake. Neno la shukrani lilikuwa limeshasomwa zamani.

Nimemfikiria sana yule mama, na nimefika mahali pa kuamini kwamba shukrani zetu zina tabia ya kupanda juu. Zinamwendea mwenye cheo, mwenye gari lililobeba jeneza, mwenye rambirambi nene iliyoandikwa kwenye daftari. Hao wanastahili, sina ugomvi nao. Lakini wema mwingi unaotuwezesha kuishi pamoja hautoki juu. Unafanywa na watu tusiowataja, na kwa kuwa hatuwataji, tunaishia kuamini kwamba wema wenyewe haupo. Kila siku nasikia watu wakilalamika kuwa dunia imeharibika, binadamu hawapendani tena. Natamani wapande daladala la Mbagala au Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni, wafungue macho.

Watu wamebanana, waliosimama ni wengi kuliko waliokaa. Anapanda dada na mkoba mzito begani. Abiria aliyekaa ananyoosha mkono: "Lete nikushikie." Basi, mkoba umeshafika mapajani mwake, na ndani yake kuna simu, fedha, pengine na vyeti. Anapanda mama na mtoto. Kiti hakuna, lakini mtoto anapokewa na kupakatwa na mzee ambaye mama yule hajapata kumwona maishani, na kabla ya vituo viwili analala kifuani kwake. Huu ni mji uliohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5 katika sensa ya 2022. Na bado tunakabidhiana mikoba na watoto bila kuulizana majina, tukifika tunarudishiana, tunashuka. Hakuna tangazo lililobandikwa kutuagiza hivyo. Kuna mtu alimwona mama yake akifanya, naye akafanya.

Kwenye daladala hilohilo kuna wema mwingine ambao una gharama. Mwanafunzi hulipa nauli pungufu, na konda ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, apate abiria asipate. Kila nafasi ya mwanafunzi ni pengo katika hesabu ile. Ndiyo maana tunawaona watoto wenye sare wamejazana kituoni hadi giza linaingia, milango ikifungwa mbele yao. Jambo hilo linaniumiza kila ninapoliona. Lakini wapo makonda wanaoita, "Denti, pandeni!" na kuwasogeza watu wazima ili watoto wapate pa kusimama. Wapo pia abiria wanaosema kwa sauti kwamba gari haliondoki mpaka watoto hawa wapande. Konda wa namna hiyo ametoa sadaka mfukoni mwake, na sisi tunashuka bila hata kumtazama usoni. Tunamkumbuka tu siku akichelewesha chenji.

Najua kuna watakaonijibu kwa methali: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Ni methali nzuri, nami nimelelewa nayo. Lakini tuisikilize inasema na nani. Inasema na mtenda, inamwambia asikae akisubiri. Haijamwambia aliyetendewa akae kimya. Wengi wetu tumejificha nyuma yake, tukachukua wasia uliokuwa wa mtu mwingine tukaufanya ruhusa yetu ya kutoshukuru. Na wazee hawakumwacha aliyetendewa bila neno lake. Walimwonya kuwa shukrani ya punda ni mateke.

Wema mkubwa tunaujua kuusherehekea. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, watu 19 walifariki dunia na 24 wakanusurika. Taifa zima lililijua jina la Majaliwa Jackson, kijana mvuvi aliyekimbilia kuokoa, na Serikali ikaelekeza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili heshima ile. Ila ukizitazama picha za siku hiyo utaona mitumbwi mingine imeizunguka ndege, na wananchi wamejipanga wakivuta kamba kuisogeza kuelekea nchi kavu. Majina yao hatukuyashika. Nami naamini mikono ile haikuanza kusaidiana asubuhi hiyo. Ziwani mtu akirudi na mtumbwi mzito, aliye ufukweni anamsaidia kuuvuta. Ni jambo la kawaida, hakuna anayelisimulia. Hakuna kijiji kinachoweza kuamka ghafla na ujasiri wa siku ya ajali kama siku nyingine zote kila mtu alikuwa akimtazama mwenzake akihangaika.

Ndiyo maana naogopa pale desturi ndogo zinapokufa. Mama zetu wa Pwani walitufundisha kuwa bakuli la jirani halirudi tupu. Mwezi wa Ramadhani ukitumwa kupeleka futari nyumba ya pili, ulirudi na kitu: kaimati, kipande cha muhogo, na kwa mwenye hali ngumu, ndimu mbili tu juu ya sahani iliyooshwa vizuri. Ndimu zile zilisema kuwa tumeuona wema wenu. Siku hizi nyumba zimezungushiwa kuta na mageti, na siwalaumu waliozijenga, kwa kuwa wezi wapo. Lakini nawaomba walio nyuma ya kuta hizo wasiache mwendo wa bakuli. Mtoto aliyekulia katika nyumba ambamo chakula cha jirani hakijawahi kuingia wala kutoka, atajifunzia wapi?

Na nyuma ya kuta hizohizo yupo mtu ambaye wema wake tunaula kila siku. Dada wa kazi. Ndiye anayekutunzia chakula ukichelewa, akakifunika, akakesha akisubiri honi getini. Ndiye aliyegundua kwamba mtoto ana homa kabla yako. Usiku mtoto akiota ndoto mbaya, mara nyingine analiita jina lake kabla ya lako. Tunasema analipwa. Ndiyo, analipwa kupika na kufua. Kumbembeleza mtoto wako hadi alale, naye mwenyewe kamwacha wake kijijini Singida au Iringa kwa bibi, hakumo katika makubaliano yoyote ya mshahara.

Basi, ndugu msomaji, kama una dada nyumbani kwako, leo mwite kwa jina lake, umshukuru mbele ya watoto kwa jambo moja unalolijua wazi alilolitenda. Watoto watasikia, na kesho watajua kumheshimu. Muulize habari za mwanawe. Na mwisho wa mwezi mlipe mshahara wake wote, tarehe mliyopatana, bila kumzungusha.