Mkate wa Eliya na Uchovu wa Mwenye Kisukari



Twasoma katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, habari za Eliya aliyekimbia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Nabii huyu alikuwa ametoka kushinda juu ya mlima Karmeli, wala hakuwa mtu wa imani haba, lakini alichoka. Tuangalie, basi, Mungu alimtendea nini. Hakumkemea. Alimwacha alale, kisha malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Akala, akalala tena, akaguswa mara ya pili. Ndipo alipopata nguvu za kwenda siku 40 mpaka Horebu.

Habari hii yawahusu ndugu zetu wenye kisukari, walioko Mikindani, Msimbati na vijiji vya mto Ruvuma. Ugonjwa huu hauna siku ya kupumzika. Mtu huangalia chakula chake, humeza vidonge au hujidunga sindano, hutazama nyayo zake. Kesho huanza tena. Apitaye pekupeku penye mikoko aweza kukatwa na gamba la chaza asisikie, maana ugonjwa huu huweza kuua hisia za miguu, na kidonda kidogo chaweza kumpotezea mguu. Si ajabu moyo ukichoka, mtu akatamani kuacha yote. Uchovu huo si dhambi. Lakini usifichwe, aliyechoka na aseme, kama Eliya alivyosema.

Wako wanaodhani kwamba mwenye imani hana haja ya dawa. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, na wengine wakaacha dawa za hospitali. Sisi twasema hivi: Mungu aliyemtia Eliya nguvu kwa mkate ndiye atutiaye nguvu kwa dawa. Insulini iligunduliwa Toronto, nchi ya Kanada, mwaka 1921. Mwaka 1922 kijana Leonard Thompson, mwenye miaka 14, aliyekuwa karibu na kufa, alidungwa dawa hiyo, akaishi miaka 13 zaidi. Ambaye mwili wake hautengenezi insulini, akiiacha, aweza kufa kwa siku chache. Basi tuipokee kwa shukrani, kama tupokeavyo mkate wa kila siku.

Nanyi walimu na wazee wa kanisa, sikieni. Atumiaye dawa za kisukari akitetemeka, akitoka jasho na kusema maneno yasiyoeleweka, msikimbilie kukemea pepo. Huenda sukari ya damu yake imeshuka. Mpeni mara moja chai yenye sukari nyingi. Akiwa hajitambui, msimtie kitu kinywani. Mpelekeni hospitali upesi, nanyi mwombeeni njiani. Tena msimlazimishe kufunga, wala msimcheke akikataa chai tamu arusini.

Malaika alimjia Eliya mara mbili. Hakuhesabu ya kwanza kuwa imetosha. Nasi tumrudie ndugu yetu: tutembee naye jioni, tumsindikize mpaka Ligula siku ya kliniki, tuketi naye akiwa kimya. Maana safari yake ni ndefu, naye hakuitwa aende peke yake.

Bwana awatie nguvu wote waliochoka. Amina.