Jina la Meli na Deni Lake

Wanafunzi wa falsafa wanakijua kisa cha merikebu ya Theseus, kilichosimuliwa na Plutarch. Waathene waliitunza merikebu ya shujaa wao kwa muda mrefu. Kila ubao ulipooza waliung'oa wakatia mpya, hata wenye hekima wakaanza kubishana: je, hii ni ileile au ni nyingine? Darasani ubishi huu kwa kawaida huishia kwenye kicheko, kwa kuwa hakuna mtu katika chumba anayepata hasara merikebu ikiwa ileile au ikiwa nyingine. Mimi nataka kuuliza swali hilo juu ya meli ambayo jibu lake lina gharama.

Meli hiyo ni Victoria. Iliundwa Glasgow, Uskoti, katika karakana ya Yarrow, kisha ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa hadi Mombasa, ikapakiwa kwenye treni hadi Kisumu, na huko ikaunganishwa upya. Ilianza kazi mwaka 1961. Ilikuwa meli ya abiria ya fahari katika ziwa letu, mali ya shirika la reli na bandari la nchi tatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli ikabaki Tanzania. Ilisimama mwaka 2014, na mwaka 2020 ikarudi majini baada ya kukarabatiwa na mafundi wa Korea Kusini na wa Tanzania, ikiwa na injini mpya na jina refu zaidi: New Victoria Hapa Kazi Tu.

Tuliitembelea Mwanza, kikundi cha wanafunzi kutoka Mbale, baada ya safari ya basi iliyotuumiza migongo kupitia Busia na Kisumu. Meli husafiri usiku kwenda Bukoba, kwa hiyo mchana ukiikuta gatini imelala. Harufu ya kwanza niliyoipata haikuwa ya mafuta bali ya ndizi: wachukuzi walikuwa wakishusha mikungu ya Kagera. Baharia mmoja wa makamo alitupokea. Tulimwamkia "Shikamoo" kwa pamoja, kama darasa la msingi, akacheka na kuitikia, "Marahaba, wanangu." Akatuzungusha: vyumba vya daraja la kwanza juu, viti vya daraja la tatu chini, ngazi nyembamba, usukani, na injini ambazo alituonyesha kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Kila tulipofika alisema, "Hii mpya. Hii nayo mpya." Mwenzangu mmoja akamuuliza, "Sasa mzee, cha zamani ni kipi?" Akapiga ukuta wa meli kwa kiganja. "Huu mwili. Na yeye mwenyewe." Sikuelewa "yeye mwenyewe" ni nani kama si huo mwili, lakini yeye alielewa.

Babu yangu angemwelewa. Katika miaka ya sitini alifanya kazi Jinja, kwenye gati la vivuko vya treni, akiunganisha mabehewa yaliyoshushwa na Umoja na Uhuru. Majina hayo ya meli yalimpendeza kuliko mshahara. Aliacha kazi kabla ya Jumuiya kufa, akarudi kulima kahawa kwenye miteremko ya Wanale, na mpaka leo akizitaja meli hizo, Victoria ikiwamo, husema "meli zetu". Hasemi za Tanzania, wala za Kenya. Nilipomwambia kwamba ninakwenda kuiona Victoria, aliniagiza nimsalimie, kana kwamba ni binamu aliyeolewa mbali.

Sasa, ni nini kinachompa mtu haki ya kusema "ileile", au "yetu"? Jibu la kawaida hutafuta ndani ya kitu: ni chuma kiasi gani kimebaki? Naona hilo ni swali la fundi. John Locke, katika toleo la pili la kitabu chake kuhusu akili ya binadamu, mwaka 1694, alisema kwamba neno "nafsi" ni neno la mahakamani: tunalihitaji ili tujue nani alitenda, na nani wa kusifiwa au kuadhibiwa. Sisi Wagisu tuna mfano wetu. Kijana akipita kwenye imbalu, husemwa kwamba yule mtoto amekwisha na mwanamume amezaliwa. Tunalisema hilo kwa ngoma na kwa machozi, na tunalimaanisha. Lakini kama yule mtoto alikula kuku wa jirani mwezi wa tano, jirani atakuja mwezi wa tisa kumdai mwanamume, na hakuna mzee atakayesema kwamba mla kuku alikufa chini ya kisu. Mtu mpya huchukua jina la ukoo pamoja na kuku.

Hapo ndipo merikebu ya Theseus inapoacha kuchekesha. Tunasema Jumuiya yetu "ilifufuliwa", kwa mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1999. Kinachofufuka ni kilekile kilichokufa. Hakuna anayefukua kaburi la mtu na kumfufua mwingine. Kwenye hotuba tunajivunia reli, bandari na meli za zamani kama ushahidi kwamba tuliwahi kuwa kitu kimoja. Lakini Jumuiya ile iliacha pia watu: wafanyakazi waliozeeka wakidai malipo yao. Makubaliano ya mwaka 1984 yaligawa mali na madeni kati ya nchi tatu, kila nchi ikabeba wastaafu wake. Hata hivyo, Tanzania wazee hao waliendelea kudai kwa miaka mingi, mahakamani na barabarani Dar es Salaam. Walipodai waliambiwa habari za makubaliano. Sikukuu ilipofika, tuliimba habari za udugu wa zamani. Fahari tuliirithi wote kwa pamoja, deni tukaligawa kwa mipaka.

Rafiki yangu anayesoma sheria alinipinga ndani ya basi la kurudi, na hoja yake si nyepesi. Alisema makubaliano ni makubaliano. Uganda ilitia saini, hesabu zikafungwa, na mjukuu wa mchukuzi wa Jinja hana hisa Mwanza wala deni Dar es Salaam. Ukianza kurithi madeni ya kila jina unalolipenda, alisema, utaogopa kupenda chochote.

Nakubali kwamba mahakamani yeye atashinda. Mkataba unaweza kuamua nani alipe. Siwezi kuona jinsi unavyoweza kuniruhusu niseme "meli yetu" mbele ya baharia yule, nipige picha nikiwa nimeshika usukani, halafu nisikiapo habari za wazee wale niseme "hao ni wa Tanzania". Neno "yetu" katika sentensi ya kwanza linanifunga katika ya pili, au basi lilikuwa pambo tangu mwanzo. Rafiki yangu akajibu kwamba kwa wengi wetu ni pambo tu, na halina ubaya. Tulikuwa tumekaribia Busia, watu wakaanza kutafuta vitambulisho vyao.