Swali Aulizwalo Msawiriwa: Waislamu wa Afrika Mashariki katika Filamu na Suala la Haki

Utangulizi

Mijadala juu ya usawiri wa Waislamu katika filamu na televisheni imekuwa kwa muda mrefu mijadala ya mizani. Mhakiki huweka upande mmoja wahusika waliosawiriwa kwa ubaya, na upande wa pili waliosawiriwa kwa wema, kisha akatoa hukumu. Kazi mashuhuri ya aina hii ni ile ya Jack Shaheen, Reel Bad Arabs (2001), ambamo filamu zaidi ya 900 zilichunguzwa na 12 tu zikaonekana kuwasawiri Waarabu kwa wema. Kabla yake, Edward Said, katika Orientalism (1978) na Covering Islam (1981), alikuwa amekwisha kuonyesha kuwa taswira hizo hazizuki kwa nasibu, bali huambatana na mamlaka ya msawiri juu ya msawiriwa. Hatuna ugomvi na hoja hizo. Hata hivyo, mizani ina kasoro yake: hutufanya tuamini kuwa dawa ya Mwislamu mbaya ni Mwislamu mwema.

Makala haya yanakusudia kuuliza swali la kimaadili: je, kumsawiri mtu kwa wema ni sawa na kumsawiri kwa haki? Tunashikilia kuwa sivyo. Haki ya msawiriwa haipimwi kwa sifa anazopewa, bali kwa swali ambalo hadithi inamwuliza: swali hilo ni la nani, na je, yeye mwenyewe ana sauti katika kulijibu? Tutaanza na riwaya, ambako wasomi wa Kiswahili tuna ushahidi wa kutosha, kisha tuzitazame filamu mbili zilizoisawiri Kenya, na hatimaye tumgeukie mtazamaji.

Ushahidi wa Riwaya

Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Bwana Maksuudi ni tajiri, mwanasiasa na mnafiki. Anamfungia binti yake Maimuna ndani ya nyumba, anamdhulumu mkewe Tamima, na nje ya nyumba hiyo anatafuta heshima ya watu. Ni Mwislamu, na ni mtu mbaya. Lau tungetumia mizani peke yake, tungelazimika kusema kuwa riwaya hii inawapaka Waislamu matope. Hakuna msomaji makini wa Kiswahili aliyewahi kuisoma hivyo.

Sababu ni mbili. Kwanza, Maksuudi hayuko peke yake. Maimuna, Tamima, Biti Kocho, Mussa na Kazija wote ni wa jamii hiyohiyo, na kila mmoja ana tabia yake. Ubaya wa mmoja haugeuki kuwa sifa ya kaumu. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, swali analoulizwa Maksuudi linatoka ndani ya jamii yake: umefanya nini na uwezo uliopewa juu ya wanawake na wanyonge? Wanaomwuliza ni wake zake, watoto wake na majirani zake. Dini yake ni hewa anayoivuta, wala si kesi anayoshtakiwa. Kwa hiyo mhusika mwovu anaweza kusawiriwa kwa haki kamili. Sasa tuone kama mhusika mwema anaweza kusawiriwa bila haki.

Mtoto wa Eastleigh

Filamu ya Eye in the Sky (2015), iliyoongozwa na Gavin Hood, inatokea Eastleigh, Nairobi, ingawa ilipigwa Afrika Kusini. Maafisa wa kijeshi na mawaziri wa Uingereza, pamoja na rubani aliyeketi Marekani, wanashauriana iwapo wailipue kwa kombora la ndege isiyo na rubani nyumba ambamo magaidi wanajiandaa kujiua na kuua. Nje ya ukuta wa nyumba hiyo yuko Alia, msichana mdogo auzaye mkate. Baba yake ni fundi baiskeli, mpole, anayempenda bintiye na kumficha asionekane akicheza na watu wenye msimamo mkali. Yuko pia Jama Farah, jasusi Msomali wa upande wa serikali, shujaa kwelikweli.

Kwa mizani ya kawaida, filamu hii inafaulu. Familia ya Alia haina doa. Hata wale watu wenye silaha, mwishoni, wanapakua bunduki yao garini ili wampakie mtoto aliyejeruhiwa. Lakini tujiulize: Alia anaulizwa nini? Haulizwi chochote. Yeye ndiye swali lenyewe, na wanaoulizwa wako mbali. Uwezekano wa kufa kwake unakadiriwa kwa asilimia, na afisa anashinikiza makadirio yateremke chini ya 50 ili sheria iruhusu shambulio. Mtoto anauza mkate bila kujua kuwa anahesabiwa. Wema wake una kazi moja tu katika msuko: kuifanya dhamiri ya wengine iwe nzito. Angekuwa mkorofi kidogo, mdanganyifu wa chenji au mvivu wa shule, hesabu ya London isingependeza.

Aidha, Eastleigh ya filamu ina wanamgambo wanaolinda njia kwa bunduki. Eastleigh tunayoijua Wakenya ni mojawapo ya vitovu vikubwa vya biashara jijini Nairobi. Tofauti hii si ya mapambo tu. Mnamo Aprili 2014, mwaka mmoja kabla ya filamu, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa katika msako wa Usalama Watch na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Filamu haikuanzisha shaka hiyo. Iliikuta, ikaipa sura na barabara za kupitia.

Basi la Mandera

Watu Wote (2017), filamu fupi ya Katja Benrath kutoka Ujerumani, ni mfano mgumu zaidi kwa hoja yetu, kwa sababu ni kazi yenye heshima kubwa kwa wale inaowasawiri. Inatokana na tukio la Desemba 2015, wakati basi liliposhambuliwa katika kaunti ya Mandera, na abiria Waislamu wakakataa kujitenga na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na kufariki Januari 2016. Filamu iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018.

Hapa Waislamu wana sauti, na wao ndio wanaoamua. Isitoshe, filamu haimwachi Jua, msafiri Mkristo aliyefiwa na wapendwa wake mikononi mwa magaidi, abaki na chuki yake bila kuhojiwa. Hata hivyo, swali linaloisukuma hadithi ni hili: je, watanilinda? Ni swali la Jua, na ni halali yake. Waliouawa katika basi la Mandera mnamo Novemba 2014 walikuwa 28. Lakini likirudiwa kila mara, swali hili huweka bei ya kuaminiwa, na bei hiyo ni damu. Salah Farah aliingia basini akiwa mwalimu na naibu wa mwalimu mkuu. Maisha hayo yalikuwa na maswali yake. Skrini ilimfungulia mlango alipokuwa tayari kufa.

Mtazamaji wa Otonglo

Hadi hapa tumemzungumzia msawiri. Yuko pia mtu wa tatu, naye ni mtazamaji. Tumchukue yule wa Otonglo, soko lililo kando ya barabara kuu ya Kisumu kwenda Busia. Katika vibanda vya video vya miji yetu, filamu za kigeni huonyeshwa zikiwa zimewekewa masimulizi ya Kiswahili na Sheng ya wasimulizi kama DJ Afro. Lugha ya vibanda hivyo ina wahusika wawili wakuu, staringi na adui, na mtazamaji huwatambua mapema, pengine kwa kilemba au kwa ndevu.

Mtazamaji huyuhuyu anaishi na Waislamu. Baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901 mji ulikua pamoja na Waswahili, Wahindi na Wanubi, wakiwamo wale wa Kibos, na wako Wajaluo waliosilimu. Hakuna filamu hata moja kati ya tulizozitaja inayowajua. Mwislamu wa Kisumu haonekani kwenye skrini kwa sababu hana bomu wala hajamfia mtu yeyote.

Mjaluo, kwa upande wake, anajua maana ya kusawiriwa kwa sifa moja. Kwa miaka mingi Vitimbi ya KBC ilituchekesha kwa lafudhi ya Mzee Ojwang', aliyeigizwa na Benson Wanjau, Mkikuyu kwa asili, aliyefariki mwaka 2015. Wajaluo walicheka pamoja na wengine, kwa kuwa Ojwang' alikuwa na mke, nyumba, hila na aibu za kwake mwenyewe. Lafudhi ilikuwa mlango wa kumwingilia, si ukuta. Kumbe mtazamaji wa Otonglo tayari ana kipimo tunachokitafuta. Linalompasa ni kukitumia kwa jirani yake kama alivyokitumia kwake mwenyewe.

Pingamizi

Huenda ikasemwa kuwa magaidi wapo, na kwamba watu 148 waliouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015 wanastahili msanii asiyeficha ukweli. Tunakubali. Hatudai muuaji afichwe; tunadai tu asiwe ndiye pekee mwenye mlango wa kuingilia hadithini.

Huenda pia ikasemwa kuwa mwenyeji pekee ndiye ana haki ya kusawiri. Mfano wa Wanjau unakanusha hilo. Mgeni anaweza kuuliza swali la wenyeji, na mwenyeji anaweza kuuliza la wageni.

Mwisho, kuna wanaoshikilia kuwa sanaa iko huru na haina deni kwa yeyote. Lakini ni uhuru huohuo wa kuchagua swali unaomfanya msanii awajibike. Asiyeweza kuchagua halaumiwi.

Hitimisho

Filamu ya Amil Shivji, Vuta N'Kuvute (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, inaonyesha kuwa njia ipo. Katika Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin anakimbia ndoa ya mume aliyemzidi sana umri, naye Denge anapambana na utawala wa Waingereza. Hawaulizwi kama ni wema kiasi cha kuaminiwa. Wanaulizwa watafanya nini na mapenzi yao na nchi yao, na wanajibu wenyewe, kwa makosa yao wenyewe.

Tunapendekeza, basi, kwamba uhakiki wa filamu katika idara zetu usiishie kwenye orodha za wahusika wema na wabaya. Mwanafunzi aanze kwa kuuliza: hadithi hii inaendeshwa na swali la nani? Masimulizi ya vibanda vya video nayo yanastahili uchunguzi wa namna hiyohiyo, kwa sababu humo ndimo wengi wa jirani zetu hukutana kwanza na Mwislamu wa skrini, ilhali yule wa mtaani wanamwamkia kila asubuhi.