Kupanga Mambo na Kuitegemea Siku

Iko hoja izungumzwayo sana katika baraza zetu, nayo ni hii: Je, mtu aendeshe maisha yake kwa mpango, kila jambo na wakati wake, au ayapokee mambo kama yajavyo, siku kwa siku? Wenye kushika la kwanza huwaona wenzao kuwa ni wavivu. Wenye kushika la pili huwaona wenzao kuwa ni watu wakavu, wasiojua raha ya kukaa na ndugu, tena wenye ujasiri wa kuikadiria kesho wasiyoimiliki. Na kwa kuwa kila upande una ukweli kidogo, ubishi hauishi.

Sisi twaona kwamba swali lenyewe halikuulizwa sawasawa. Hapana mtu apangaye kila kitu, wala hapana asiyepanga chochote. Linalotupasa kuuliza ni hili: lipi lililo mkononi mwetu, na lipi lisilokuwemo?

Jawabu jema laweza kupatikana kwa wakulima wa bara. Mtu wa pwani akisikia Meru na Embu, fikira zake huenda kwenye nchi ya juu iliyo chini ya Mlima Kenya, nchi ya chai na kahawa na mito ya maji baridi. Lakini ukishuka mashariki kuelekea Mto Tana, wafika Mbeere, pande za Siakago na Kiritiri, na Tharaka, pande za Marimanti. Huko ni jua na mawe. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, na ile ya vuli, ya Oktoba hata Desemba, ndiyo ya kutegemewa zaidi kuliko masika. Nayo hukaa majuma machache tu, kisha huondoka.

Basi mkulima wa huko afanyeje? Siku ya mvua haijui. Lakini lau angesema, "Nitangoja inyeshe, kisha nitafute jembe," kila siku ambayo angechelewa ingempunguzia mavuno, kwa sababu msimu wenyewe ni mfupi. Kwa hiyo wengi hulitengeneza shamba mapema na kuitia mbegu katika udongo mkavu, kabla wingu halijaonekana. Tazama na mengine ayafanyayo. Hapandi zao moja, bali mtama na uwele, kunde na pojo, ili hili likifa lile lipone. Wala hamalizi mbegu zote, kwani huenda mvua ikanyesha siku mbili ikadanganya, mbegu ikachipua, kisha jua likaiunguza. Hapo huhitaji mbegu ya pili. Na mbuzi zake ni akiba ya mwaka wa njaa.

Mtu huyu hakuipangia mvua siku ya kuja. Amejipanga yeye mwenyewe. Hii ndiyo tafauti tunayotaka ndugu msomaji aishike.

Pengine utasema: "Mbona na huko njaa huingia?" Ni kweli. Mwaka 1984 masika yalikosekana sehemu nyingi za Kenya. Tena tangu vuli ya 2020 hata mwisho wa 2022, misimu mitano ilifuatana bila ya mvua ya kutosha. Na vuli ya 2023 ikaja na mafuriko. Lakini akili haikubali kwamba haya yathibitisha kuwa kupanga ni bure. Mwenye ghala na asiye na ghala wote hufikiwa na ukame. Mmoja hufikiwa na njaa mwezi wa kwanza, na mwingine mwezi wa nne. Na katika ile miezi mitatu huenda msaada ukafika, na mtoto akapona.

Wala jambo hili si geni kwetu. Manahodha wa zamani hawakuumba kaskazi wala kusi. Walijua tu kwamba kaskazi ikianza Desemba chombo hushuka kutoka Arabuni, na kusi ikishika hurejea. Upepo haukuwa wao. Tanga, kamba na maji ya kunywa vilikuwa vyao. Nahodha aliyekawia bandarini kwa mazungumzo hata upepo ukageuka hakuweza kumlaumu yeyote.

Ama sisi leo, tumelichukua neno tukufu, "Inshallah", tukalifanya pazia. Neno hili tulifundishwa tuliseme juu ya jambo tuliloazimia kulifanya kesho. Yaani azma itangulie, kisha mtu akiri kwamba uwezo si wake. Siku hizi husemwa mahali pa azma. Fundi huulizwa, "Kazi itakwisha lini?" Hujibu, "Inshallah wiki hii," naye hajanunua hata msumari. Mwezi wa Ramadhani wajulikana mwaka mzima kabla, lakini unga na tende hutafutwa usiku wa kuandama mwezi, wakati bei imekwisha panda. Shule hufunguliwa kila mwaka kwa tarehe iliyotangazwa, na kila mwaka yuko mzazi akopaye ada kana kwamba amevamiwa na majambazi. Na Yusufu, amani iwe juu yake, je, hakuweka nafaka katika miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya dhiki? Imani yake haikupungua kwa kufanya hivyo.

Lakini tusije tukazidisha upande huu, kwani mpango nao una maovu yake, na Embu ile ile yatufunza. Mpango wa kumwagilia mpunga wa Mwea, katika nchi ambayo zamani ilikuwa ndani ya wilaya ya Embu na sasa ni Kirinyaga, ulianza katika miaka ya 1950. Maji yalitolewa katika mito ya Thiba na Nyamindi, yakagawanywa kwa zamu. Siku ya kulima, ya kupanda na ya kuvuna zote zikapangwa. Mpunga ulistawi sana. Lakini mkulima alikuwa mpangaji tu katika shamba. Bodi ya serikali ndiyo iliyonunua mpunga na kukata bei. Mwaka 1998 na 1999 wakulima walikataa, wakapeleka mpunga kwa chama chao wenyewe cha ushirika. Hawakuchukia utaratibu wa maji, kwani bila ya zamu mmoja hufurikiwa na mwenziwe hukauka. Walilochukia ni kupangiwa maisha bila ya kuulizwa. Basi na baba ampangiaye kijana masomo, kazi na mke, kisha akashangaa kwa nini kijana amekimbia, na azingatie habari hii.

Kadhalika kahawa. Wakulima wa Meru na Embu walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Kenya kuruhusiwa kuipanda, katika miaka ya 1930, na mbuni hutaka miaka kama mitatu kabla ya kuzaa. Huo ni mpango wa mtu mwenye subira. Lakini Julai 1989 mapatano ya mataifa juu ya viwango vya kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Aliyekuwa na kahawa peke yake aliumia zaidi kuliko aliyebakisha migomba na maharagwe. Mpango usioacha nafasi ya jambo lisilotazamiwa ni kiburi, hata kama umeandikwa vizuri.

Imebaki hoja ya wale wasemao kwamba mipango huua ukarimu: mgeni haji kwa tarehe, wala maiti hangoji. Sisi twasema kinyume chake. Mgeni akibisha hodi usiku, nani awezaye kumkaribisha kwa uso mkunjufu? Ni yule ambaye pipa lake lina unga. Jirani akifiwa, nani awezaye kuacha kazi zake siku tatu? Ni yule ambaye hakurundika kazi za mwezi mzima katika siku moja. Asiyepanga hutaka kutoa, lakini hana cha kutoa. Moyo wake mwema huishia katika kuomba radhi. Na aliyejaza kila saa na kila senti naye humwona mgeni kuwa ni mwizi wa wakati wake. Wote wawili humfungia mgeni mlango, mmoja kwa ufukara na mwingine kwa uchoyo.

Basi ndugu zetu, na tuyapange yale tuyajuayo: ada, karo, kodi, Ramadhani, harusi ya binti ambaye twamwona akikua. Tuache akiba ya mali na ya saa kwa yale tusiyoyajua. Tusimpangie mwenzetu bila ya shauri lake. Na tukisema "Inshallah", jembe liwe limekwisha kunolewa, na mbegu iwe ardhini.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.