Joto Linakwenda kwa Nani?

Usiku wa Februari, pembezoni mwa Barabara ya Mandela jijini Dar es Salaam, upande wa Kurasini na Tazara, malori yanayosubiri zamu ya bandarini hupangana kichwa kwa mkia, na baadhi yake injini zinanguruma ingawa hakuna linalokwenda popote. Dereva amelala ndani. Kichwa cha lori ndiyo nyumba yake kutoka hapa hadi Tunduma, na akishavuka mpaka, hadi Ndola au Lubumbashi: nyuma ya kiti kuna godoro jembamba na pazia, pembeni dumu la maji, na juu ya kioo kiyoyozi kinapuliza. Chini ya lori maji yanadondoka tone baada ya tone, yamekwisha kuchora duara jeusi kwenye vumbi, na anayepita karibu anahisi miguuni hewa ya moto iliyochanganyika na moshi wa dizeli. Hatua chache kutoka hapo kuna madirisha ya nyavu, na nyuma ya nyavu hizo wamelala watu wengine, chini ya bati ambalo limeshinda juani mchana kutwa. Swali linaloulizwa gereji kila siku ni namna ya kukifanya kiyoyozi cha gari kama hili kipoze zaidi. Ni swali halali, lakini liko jingine linalolitangulia, na hilo si la fundi peke yake: joto linalotolewa mle ndani linakwenda kwa nani?

Tumezoea kusema mashine inaleta baridi. Haileti. Katikati ya karne ya 19 Mjerumani Rudolf Clausius aliandika kanuni ambayo hakuna kiyoyozi kilichowahi kuikiuka: joto haliendi lenyewe kutoka penye ubaridi kwenda penye moto, mpaka kazi ifanyike kulisukuma. Kompresa ndiyo inayoifanya kazi hiyo. Gesi hunyonya joto kwenye koili ya ndani, hubanwa, kisha hulimwaga kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta. Kwa kuwa nguvu ya kompresa nayo huishia kuwa joto, kinachomwagwa nje daima ni kikubwa kuliko kilichotolewa ndani. Yale matone chini ya lori ni sehemu ya hesabu hiyohiyo, kwa sababu katika hewa nzito ya pwani kiyoyozi hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kukamua unyevu, na mvuke ukigeuka maji huachia joto ambalo nalo lazima litupwe nje. Kwa hiyo ubaridi wa kebini ile ni joto la mtu mwingine, na ni zaidi ya lile alilopunguziwa aliyelala ndani. Hapa fizikia inatukabidhi suala la maadili, tukitaka tusitake.

Dini zetu zimelijua joto siku nyingi. Katika Sura An-Nahl, aya ya 80 inazitaja nyumba za ngozi za wanyama, zilizo nyepesi kubebwa siku ya safari na siku ya kupiga kambi, na aya inayofuata inataja vivuli na mavazi yanayomkinga mtu na joto. Makazi ya msafiri na kinga yake dhidi ya jua yamehesabiwa pamoja kuwa neema, na naamini mpangilio huo una mafunzo. Hema na kivuli vinazuia joto lisimfikie mtu. Havilichukui kwake na kumpelekea jirani. Mwembe wa Tandika ukimkinga mmoja, wa pili na wa kumi wanaweza kuketi papo hapo bila wa kwanza kuungua. Ndiyo maana katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, kujisaidia katika kivuli wanachokitumia watu kumewekwa pamoja na kujisaidia njiani na kwenye maji, mambo yanayomletea mtu laana. Kivuli ni cha wote, na anayekichafua amewakosea wote. Iko pia kanuni ya fikihi inayomkataza mtu kumdhuru mwenzake, na kulipa dhara kwa dhara. Sisemi kwamba kiyoyozi ni haramu, na nadhani wanazuoni wengi wangeshangaa nikisema hivyo. Ninachosema ni kwamba ubaridi una daraja: ule unaopatikana kwa kulikataa joto kabla halijaingia uko mbele ya ule unaopatikana kwa kumtupia mwingine, na mwenye uwezo wa kuupata wa kwanza hana udhuru wa kukimbilia wa pili.

Daraja hilo ndilo hilohilo ambalo fundi mwaminifu angelifuata hata bila kufungua kitabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2005 vipimo vya gari lililoegeshwa juani: ndani ya saa moja joto lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi, asilimia 80 ya ongezeko hilo ikiwa katika nusu saa ya kwanza, na kushusha vioo kidogo hakukusaidia kitu cha maana. Jua linapita kwenye kioo, linachoma dashibodi na viti, navyo vinaoka hewa. Anayeongeza nguvu ya kiyoyozi bila kugusa kioo anakinga mvua kwa kuteka maji yaliyokwisha kuingia ndani. Kikinga jua cha karatasi ya fedha nyuma ya kioo cha mbele, paa jeupe, sponji chini ya bati la paa, mpira wa mlango usiopitisha hewa: vyote hivi vinapunguza kazi kabla kompresa haijaguswa. Kisha kuna kondensa. Ukiinama mbele ya lori lililotoka safari ndefu utaziona mbavu zake zimezibwa na vumbi, mbawa za wadudu na matope makavu. Joto halina pa kutokea, na dereva anaambiwa gesi imeisha. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta. Ikipungua, inavuja. Kujaza bila kutafuta tundu ni kumuuzia mteja ubaridi wa miezi michache na kuiachia anga deni, maana gesi ya R134a inayotumika kwenye magari mengi hupasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko uzito uleule wa kaboni dayoksaidi kwa kipimo cha miaka mia. Ni kwa sababu hiyo mataifa yalikubaliana Kigali, Oktoba 2016, kuzipunguza gesi za jamii hiyo. Fundi wa Keko au Tandale mwenye sabuni ya kutafutia tundu ameshika amana ambayo wengi wetu hatujampa heshima yake.

Atasema mtu: lori moja linapasha nini jiji zima? Peke yake, karibu na sifuri. Lakini hoja ya kitu kidogo huwa kweli kwa kila mmoja na uongo kwa wote pamoja. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walikokotoa mwaka 2014 kwamba katika mji wa Phoenix joto linalotupwa na viyoyozi linaweza kupandisha hewa ya usiku kwa zaidi ya nyuzi moja. Dar es Salaam haijafika huko, na jirani wa lori lililo mita tano na dirisha lake hahitaji kusubiri wastani wa jiji. Kwake yeye ni moshi wa usiku huu. Mwingine atasema dizeli ni yake, kainunua. Dizeli kweli ni yake, hewa hakuinunua.

Pingamizi linaloniumiza kichwa ni jingine. Usiku hakuna jua la kukinga. Februari hewa ya Dar haishuki sana chini ya nyuzi 25, na kebini ni sanduku la chuma. Dereva asiyelala leo atasinzia kesho kwenye mteremko wa Kitonga, na watakaokufa si yeye tu. Kumhubiria huyu habari za kivuli si kuutukuza mwembe mbele ya mtu anayezama kwa jasho? Nakubali kabisa kwamba usingizi wake ni haki, na kwamba dini inayomtaka mchovu avumilie kwa ajili ya usafi wa nadharia haijamwelewa Mungu wala mchovu. Iwapo chaguo ni injini au kukesha, awashe injini. Lakini nani aliyeyapunguza machaguo yakabaki mawili? Kebini iliyowekewa sponji, iliyoshinda mchana na kikinga jua, huingia usiku ikiwa na joto dogo la kutoa. Madirisha yenye neti, yaliyofunguliwa pande mbili, hupitisha kaskazi, upepo unaovuma majira hayohayo. Feni ndogo ya betri inautosha mwili mmoja, na viko viyoyozi vya kebini vinavyotumia betri badala ya injini. Hakuna hata kimoja hapo ambacho dereva wa kuajiriwa anaweza kujinunulia kwa posho ya safari. Wajibu basi unapanda ngazi: unamfika mwenye lori, unamfika anayepanga foleni ya mzigo, unamfika mwenye eneo la kuegesha asiyepanda mti hata mmoja. Dereva yuko mwisho kabisa wa orodha hiyo, ingawa ndiye anayeonekana, na ndiye anayegongewa mlango na majirani.

Mwenye malori hahitaji kungoja sheria wala hotuba ya Ijumaa au ya Jumapili. Injini ya lori kubwa ikiunguruma imesimama hunywa kiasi cha lita tatu kwa saa. Usiku wa saa nane ni lita 24; foleni ya siku tano ni lita 120, zilizochomwa kumpoza mtu mmoja aliyelala. Azidishe kwa bei ya pampu ya leo na kwa idadi ya malori yake, kisha aulize duka la vipuri sponji ya paa inauzwaje kwa mita.